Rip Van Winkle alilala kweli, au alimtoroka mke akarudi na hadithi?

#1 Mzembe Mstaafu
Wakuu salaam. Hili jambo limenikaa kichwani tangu Jumapili, acha nilitue hapa.

Kisa cha mwandishi Mmarekani Washington Irving cha mwaka 1819, Rip Van Winkle, wengi tulisimuliwa kuwa ni cha mtu aliyelala miaka 20. Anapanda milima ya Catskill na bunduki na mbwa wake, anakuta wazee wa ajabu waliovaa Kiholanzi cha zamani wanacheza mchezo wa kuangusha pini, anaiba mafunda ya pombe yao, anaamka ndevu zimeota futi nzima. Sasa nimekisoma chenyewe. Mimi usingizi sijauona. Nimemwona mwanamume aliyemkimbia mkewe.

Ushahidi huu hapa. Karudi kijijini, hakuna anayemjua. Anakutana na binti yake Judith kabeba mtoto. Anamuuliza jina, anamuuliza jina la baba yake. Binti anajibu kwamba baba alitoka na bunduki miaka 20 iliyopita, mbwa akarudi peke yake. Hapo mzazi yeyote angeshamwangukia mwanawe kwa kilio. Rip kimya. Ana swali moja bado: mama yako yuko wapi? Alipoambiwa amekufa, ndipo akafungua mdomo: mimi ndiye baba yako!

Yaani kahakikisha kwanza njia ni nyeupe. Baada ya hapo kila siku yuko hotelini anawasimulia wageni alivyolala, na kwa hadithi hiyo mvivu wa zamani anageuka mzee wa heshima. Hoja yangu: yule Rip wa mwisho katengenezwa na hadithi yake mwenyewe. Bila hadithi ni mtoro tu. Pingeni.

#2 Jogoo la Shamba
Nimevuta kiti. Swali dogo kwa mleta mada: hiyo pombe inauzwa wapi? Nina marejesho ya vikoba viwili mwezi huu.

#3 Binti Rufiji
Kuhusu lile swali la mwisho uko sawa, ila umesoma kiume. Huyo mama hana hata jina. Mbwa ana jina, Wolf. Mwenye hoteli ana jina. Mjukuu kaja juzi tu, ana jina. Yeye ni "Dame Van Winkle", ni kama kusema Bi Fulani, basi. Shamba la urithi limeliwa hadi kimebaki kipande cha mahindi na viazi, mume yuko kwa jirani anamjengea ukuta wa mawe bure, watoto wamevaa matambara. Mama akisema, anaitwa mkorofi. Miaka 20 kabaki na watoto peke yake, na hadithi yake haikuulizwa na mtu.

#4 Msomi Feki
Nakumbuka alikufa kwa kumlilia mumewe. Inasikitisha sana.

#5 Binti Rufiji
Hapana, #4. Alipasuka mshipa wa damu akimfokea mchuuzi aliyetoka New England. Irving kakifanya kifo chake kichekesho cha mstari mmoja, na Rip akaona hiyo ni habari ya faraja. Soma tena.

#6 Mwl. Chaki
Mleta mada, uzi mzuri, lakini umeruka mtu muhimu kuliko wote.

Rip aliposema "mimi ndiye baba yako, hakuna anayemjua maskini Rip Van Winkle?" watu wote wakaduwaa. Kikongwe mmoja akajikongoja kutoka kwenye umati, akaweka kiganja juu ya macho, akamtazama usoni. Akasema ndiye, ni Rip, karibu nyumbani jirani. Kisha ndipo akauliza: ulikuwa wapi miaka 20 yote hii?

Tazama mpangilio huo. Ametambuliwa kabla hajasimulia neno. Na aliposimulia, hadithi haikumsaidia hata kidogo. Majirani walikonyezana na kubana vicheko, na yule bwana mkubwa mwenye kofia ya pembe akatikisa kichwa. Ilibidi aitwe mzee Peter Vanderdonk, mjuzi wa mambo ya kale ya pale. Akathibitisha kwamba milima hiyo ina mambo, kwamba Hendrick Hudson, nahodha wa kale, na mabaharia wake hurudi kila baada ya miaka 20, na baba yake mwenyewe aliwahi kuwaona wakicheza. Hapo ndipo hadithi ikapata miguu.

Kwa hiyo mtu alitambuliwa kwa sura, hadithi ikapata dhamana ya mzee. Rip mwenyewe hakujitengeneza kitu. Kijiji ndicho kilichomtengeneza.

#7 Fundi Tofali
Mwalimu #6 umenigusa pabaya. Niruhusuni kisa.

Nilikaa Nampula, Msumbiji, miaka 14 kwa kazi ya ujenzi. Kurudi nyumbani nikahitaji kitambulisho. Ofisi moja, jina sitaji. Nikaweka kidole kwenye mashine, haisomi. Nikafuta kwa kitambaa, haisomi. Kijana akaniambia mzee vidole vyako havina alama. Saruji na tofali vimezila zote, nimebaki na ngozi laini kama mtoto. Karatasi sina, baba na mama marehemu. Akasema leta mtu mzima wa mtaani anayekujua tangu utotoni.

Mtaani niliokuwa nao wote wamehama au wamezikwa. Nikampata bibi mmoja jirani wa zamani, macho yana ukungu, nikamleta kwa bodaboda. Kijana akamuuliza, bibi unamjua huyu? Bibi akanishika sikio, akalivuta, akasema: "Huyu! Huyu ndiye aliyemuua bata wangu kwa manati mwaka wa mafuriko, na hajanilipa mpaka leo."

Ofisi nzima ilicheka. Muhuri ukapigwa palepale. Mimi hadithi yangu ya Msumbiji hakuna aliyetaka kuisikia. Aliyenipa jina langu ni bata.

#8 Jogoo la Shamba
😂😂😂 Umelipa lakini?

#9 Kasuku wa Forodhani
Assalaam aleikum. Mbona mnamzungumza Irving kama yeye ndiye kaanza? Watu wa Pangoni wa kwenye Qur'ani tumewasoma chuoni tukiwa na ubao mapajani. Vijana wamelala miaka 300 na ikazidi 9, mbwa wao kanyoosha miguu mlangoni. Wanaamka wanaulizana tumelala muda gani, wanajibu siku moja au sehemu ya siku. Wanamtuma mmoja mjini na fedha akatafute chakula, na wafasiri wanasema fedha yenyewe ndiyo iliyomfichua.

Tofauti naiona hapa: vijana wa pangoni hawakukaa barazani kujisimulia. Mwenyezi Mungu ndiye aliyewasimulia. Rip kajisimulia mwenyewe, ndiyo maana watu wakakonyezana.

#10 Mwl. Chaki
Waaleikum salaam Kasuku. Hapo umepiga penyewe. Mayahudi nao wana Honi, aliyelala miaka 70. Kaingia kwenye darasa la wanazuoni, akasikia wanamsifu Honi, kwamba kila fumbo la sheria alikuwa akilifumbua. Akasema Honi ni mimi. Hawakumwamini, hawakumpa heshima yake. Akaomba afe, akafa. Hadithi yake ilikuwa hai mle ndani, mwenyewe hana nafasi ndani yake.

Ila chanzo cha karibu cha Irving ni Kijerumani. Kuna mchunga mbuzi, Peter Klaus, kwenye mkusanyo wa ngano uliotoka 1800. Kalala miaka 20 kwenye mlima Kyffhäuser, karudi, kakuta binti yake kabeba mtoto. Irving alipoulizwauliza akajitetea kwamba hakuficha, mwishoni mwa kisa kaweka dokezo linaloutaja mlima huo. Anayetaka kuita wizi aite.

Lakini angalia alichoongeza. Ngano ya Peter Klaus inaishia majirani wanamkaribisha. Mke mkali hayumo. Vita vya uhuru wa Marekani havimo. Na sehemu ya mwisho, ya mzee kukaa hotelini na kusimulia kila mgeni, haimo. Hiyo ya kusimulia ni ya Irving mwenyewe. Kwa hiyo mleta mada, nusu ya hoja yako nairudisha mezani.

#11 Mzembe Mstaafu
Nusu naipokea kwa mikono miwili 😄

Na kwenye hiyo sehemu kuna sentensi niliyoipenda kuliko zote. Irving anasema mwanzoni Rip alikuwa akibadilisha mambo fulani kila anaposimulia, bila shaka kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza ameamka. Baadaye hadithi ikatulia, ikawa moja, kila mwanamume, mwanamke na mtoto wa pale anaijua kwa moyo. Hicho "ndiyo kwanza ameamka" ni kejeli tupu. Mtu anayesema kweli habadilishi.

#12 Bi Mkubwa wa Likoni
Mwanangu #11 hapo umekosea, tena sana. Marehemu babu yangu alipigana Burma na KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa vita vya Hitler. Alipokuwa akitusimulia, siku walizokaa msituni bila chakula zilikuwa mara sita, mara kenda, mara wiki mbili. Sisi watoto twamcheka. Alipozeeka zikatulia kwenye kumi na moja, hazikutoka tena hapo. Siku ya maziko mwenziwe wa jeshini akaja na fimbo yake, akasimulia mambo yaleyale, yeye akasema siku nne.

Sasa niambie nani mwongo. Babu alikuwa na njaa, na njaa haina kalenda. Aliitafuta hadithi itakayomtosha yeye, akaipata. Mimi hadi leo ni mjukuu wa siku kumi na moja. Hizo nne sizitambui.

#13 Rika la Mwisho
Bi Mkubwa heshima yako. "Mjukuu wa siku kumi na moja" naomba niiweke kwenye wasifu.

#14 Mswahili wa Albany
Mie nipo jimbo la New York, milima yenyewe naiona nikienda kazini. Irving alipoandika kisa hiki hajawahi kukanyaga Catskill. Alikuwa nyumbani kwa dada yake Birmingham, Uingereza, mwaka 1818, biashara ya familia imefilisika, hana mbele wala nyuma. Milima kaitunga kutokana na alivyoiona kwa mbali akisafiri mtoni utotoni, na alivyosimuliwa.

Leo kuna daraja juu ya mto Hudson linaitwa Rip Van Winkle Bridge, limefunguliwa 1935. Mtu ambaye hakuzaliwa ana daraja.

Na kali zaidi: kuna mji ulikuwa ukiitwa North Tarrytown. Mwaka 1996 kiwanda cha magari kilipofungwa, mwaka huohuo wakapiga kura wakabadilisha jina, sasa unaitwa Sleepy Hollow, kama kile kisa chake kingine cha mpanda farasi asiye na kichwa. Kisa cha 1820 kimempa mtu anwani ya nyumbani. Magari ya polisi yana picha ya mpanda farasi ubavuni.

#15 Rika la Mwisho
Tukiwa huko New York, kuna mtu anajua Knicks ya kikapu jina limetoka wapi?

#16 Mswahili wa Albany
Hahaha unatutoa kwenye mada kisha unaturudisha. Ni Knickerbockers, timu ya 1946. Na Knickerbocker ni huyohuyo Irving! Mwaka 1809 aliweka matangazo gazetini kwamba mzee mmoja, Diedrich Knickerbocker, koti jeusi kuukuu na kofia ya pembe, amepotea kutoka hotelini na haonekani kuwa na akili timamu. Watu wakaanza kumsikitikia. Likafuata tangazo kwamba ameacha maandishi chumbani, yatachapishwa kulipia deni la chumba. Mzee hakuwahi kuwepo. Kilikuwa kitabu cha Irving mwenyewe. Baadaye wenyeji wa New York wakaanza kujiita Knickerbockers kwa fahari, na hata kisa cha Rip kimeletwa kwetu kama karatasi zilizokutwa kwa mzee huyo.

#17 Jogoo la Shamba
Yaani mtu aliyetungwa kapotea, kaacha hadithi ya mtu mwingine aliyetungwa aliyepotea. Nahitaji hiyo pombe sasa.

#18 Msomi Feki
Nikikosea mnirekebishe, msinitukane. Kuna kisa cha Hawthorne, Wakefield, naye katoroka mke miaka 20 hukohuko Boston.

#19 Binti Rufiji
London, si Boston. Mwandishi ndiye mtu wa Massachusetts. Ila leo umeleta kitu cha maana, hongera.

Wakefield ni wa 1835. Anamuaga mke kwamba anasafiri siku chache, anapanga chumba mtaa wa pili tu, ananunua wigi jekundujekundu, anakaa miaka 20 akichungulia nyumba yake. Siku moja umati unawagonganisha uso kwa uso, yeye na mkewe, na hakuna linalotokea. Mvua ya vuli inamkuta mlangoni, anaona moto unawaka ndani, anapanda ngazi anaingia. Hawthorne anafunga mlango hapohapo, sisi tumebaki nje.

Weka hivi viwili pamoja. Mleta mada anasema bila hadithi Rip ni mtoro tu. Wakefield ndiye huyo mtoro. Miaka ni ileile, lakini huyu hana mlima wala Hudson wala kikongwe wa kumkodolea macho. Hana cha kusimulia kwa sababu hajafanya kitu. Hawthorne kamwita aliyetengwa na ulimwengu mzima.

#20 Kijana wa Sur
Salaam kutoka Oman. Mimi nampinga kila mtu.

Hapa kwetu wapo wazee waliokuja kutoka Zanzibar miaka ya 60 na 70. Wakikaa jioni na kahawa, kila mmoja ana hadithi yake ya namna alivyotoka. Nimekua nikizisikia. Hazikuwasaidia wao kujijua wenyewe, walishajijua. Ziliwasaidia wageni kujua wawaweke wapi. Tuliozaliwa huku ndiyo zilitutengeneza.

Na Rip ni hivyohivyo. Msomeni anaporudi. Ni siku ya uchaguzi. Kabla ya jina lake wanamuuliza amepigia upande gani, ni Federal au Democrat? Maskini anajibu yeye ni raia mwema wa mfalme. Wakapiga kelele: jasusi! Picha ya Mfalme George kwenye ubao wa hoteli sura ni ileile, koti jekundu limepakwa buluu, fimbo ya kifalme imekuwa upanga, chini limeandikwa Jenerali Washington. Nchi yenyewe haijui ni nani, imebadilisha koti tu. Inamhitaji mzee anayekumbuka kabla ya vita. Hadithi ni kwa ajili yao, Rip kapata chakula na benchi.

#21 Mwl. Chaki
Na mwandishi wa kisa chenye ubao huo anaitwa Washington, kazaliwa 1783, kapewa jina la jenerali huyohuyo. Sijui mnalionaje hilo. Irving aliondoka Marekani 1815, akarudi 1832. Miaka 17, akarudi akiwa maarufu kwa kisa cha mtu aliyerudi. Kisa kimetangulia, maisha yakafuata.

#22 Mzembe Mstaafu
Kijana wa Sur, hoja nzito, lakini eti Rip alijijua? Wakati anauliza "hakuna anayemjua Rip Van Winkle?" wakamwonyesha mtu kaegemea mti: yule pale! Ni mwanawe, mvivu na matambara yaleyale. Mzee akachanganyikiwa, akasema mimi si mimi, mimi ni mtu mwingine, yule kule ndiye mimi, jana usiku nilikuwa mimi. Huyo anajijua wapi?

#23 Kijana wa Sur
Alijijua hadi alipowauliza wao. Kosa ni kuuliza.

#24 Msomi Feki
Tusimsahau Edgar Allan Poe. Kisa chake William Wilson, 1839. Msimulizi anaanza kwa kusema kwa sasa niite William Wilson, yaani si jina lake. Anafuatwa na mwenye jina kama lake, sura kama yake, siku ya kuzaliwa moja, anaishia kumchoma upanga. Na tarehe hiyo, 19 Januari, ndiyo ya Poe mwenyewe. Hii nimehakikisha mara mbili kabla ya kuandika.

#25 Binti Rufiji
Msomi Feki badilisha jina sasa.

#26 Bi Mkubwa wa Likoni
Mie bado niko kwa yule kikongwe wa #6. Katoka kwenye umati, kamtambua jirani, kamkaribisha, kisha? Hatajwi tena. Rip hakumuuliza hata hali. Na Vanderdonk jina lake lote limeandikwa.

#27 Binti Rufiji
Ndiyo maneno yangu tangu #3, Bi Mkubwa.

#28 Jogoo la Shamba
Tuacheni hayo. Fundi Tofali hujanijibu. Bata ulimlipa?

#29 Fundi Tofali
Nililipa. Siku ileile tulipotoka ofisini nikampitisha bibi sokoni, nikamnunulia bata wawili, maana nilikuwa nimemuulia wawili kiangazi kile, jike na dume.

#30 Rika la Mwisho
Fundi subiri. #7 umesema bata mmoja, mwaka wa mafuriko.

#31 Fundi Tofali
Mkuu, ndiyo kwanza nimeamka.